Safari Imekufa

Siku ile nyumbani kwetu Tlawi walikuwepo hawa: Bibi Katarina, mama mzaa baba, kwenye kigoda chake karibu na moto, Mjomba Boay, kaka wa marehemu mama, aliyetoka Endasak na lile koti la suti analovaa mahali penye nyama, Mzee Gidamis, mfugaji wa Gendabi, aliyekataa kiti na kusimama na fimbo yake, Safari, mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye mwenye harusi, Jaklini, mchumba wake, binti wa Dar es Salaam, Anti Vivi, shangazi yake Jaklini na mwenyekiti wa kamati ya harusi, na mimi Yustina, niliyekuwa napika na kusikiliza kwa wakati mmoja. Nawataja wote kwa sababu ninyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza mara nyingi nani alianzisha jambo hili, na siku hizi kila aliyekuwepo anasema hakuwepo.

Alianzisha Anti Vivi. Alisimama, akainua simu yake, akatuonyesha picha ya mchanga mweupe na maji ya buluu.

"Wazee wangu, harusi itafanyika Zanzibar. Ufukweni. Mchungaji wetu yuko tayari kuvuka."

Bibi akaniuliza kwa Kiiraqw, Zanzibar ni mtaa wa kanisa lipi. Mzee Gidamis akauliza kama huko kuna majani.

"Majani ya nini, baba?"

"Ya ng'ombe."

"Hakutakuwa na ng'ombe, baba. Kutakuwa na samaki."

Mzee akamgeukia Mjomba taratibu, kama mtu anayesubiri mkalimani. Kwake harusi ya samaki ilikuwa kama ubatizo wa majivu.

Baba na mama walifariki Safari akiwa bado na meno ya utoto. Mimi ndiye wa kwanza, nikaacha shule darasa la sita, nikashika jembe. Kati yetu wapo wawili wengine ambao hawamo katika kisa hiki kwa sababu walikuwa na akili ya kukaa makwao. Ng'ombe wetu alituchungia Mzee Gidamis, na vyombo na sala alishika Bibi. Bibi huyu hajawahi kuniomba kitu ila kimoja: kwamba siku Safari anaoa, amwekee mkono kichwani, kama baba yake angefanya. Na Bibi hapandi gari. Magoti yake yanafika kanisani na kurudi, basi. Ukimwambia habari ya meli, anajifunika shuka.

Kwa hiyo mimi mzazi ndiye niliyepewa neno la mwisho. "Aende akaone mwenyewe," alisema Anti Vivi, "akiona atakubali." Mjomba akatamka kwamba neno la Yustina ndilo neno, na wote wakaafiki, kila mmoja akiamini analijua tayari.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka. Mdogo wangu anaitwa Safari kwa sababu mama alijifungua njiani akienda kwao Endasak. Kwetu jina hilo ni la kawaida kabisa. Na kwetu Kiswahili tumekipata shuleni na mnadani. Tunasema "gari amekuja" na "mtu imekuja", na gari linafika, na mtu anafika, na hakuna aliyewahi kuumia. Hadi mwaka huu.

Tlawi hadi Babati

Niliondoka na viazi vya kuchemsha, vitunguu saumu vya kuwapa wenyeji wangu, na dumu la maziwa ya mgando. Kwenye mteremko wa Magara breki za basi zilianza kunuka, dereva akatushusha ili zipoe. Tukakaa kwenye mawe tukiliangalia ziwa kule chini. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka jogoo kwa mkwewe aliniuliza naenda wapi.

"Zanzibar, kutafuta mahali pa harusi."

"Mahari? Mnatafuta mahari mpaka Zanzibar?"

"Mahali, baba. Pa kufanyia."

"Kwani huko kwenu mahali pamekwisha?"

Nimekwenda na swali hilo hadi baharini na kurudi nalo, na sijapata kusikia lingine lenye akili kuliko hilo katika safari nzima. Jogoo naye aliwika, kama mtu anayeunga mkono hoja.

Babati nililala kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda kizuri na soketi moja. Kwenye soketi hiyo nikaisahau chaja ya simu yangu, ile simu ya vitufe yenye pini nyembamba ambayo wauzaji siku hizi wakiiona huita wenzao waje kuangalia. Likumbukeni hilo.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Dodoma nilipanda treni ya umeme. Ni kimya humo ndani, kimya kama kanisani kabla ya mahubiri, na watu wote wamezinunia kompyuta. Karibu yangu alikaa bwana mwenye suti. Tulipokolea mwendo nikasikia dumu langu linanung'unika. Joto la kule si la Tlawi, na maziwa yetu yamezoea baridi. Kabla sijalishika, kifuniko kiliruka, na maziwa yakamwagika kwenye suruali ya yule bwana.

Nikaanza kuomba radhi. Yeye akachovya kidole pajani, akalamba, akafikiri.

"Yamelala kwenye kibuyu haya?"

"Ndiyo, kaka."

"Nilijua. Mimi ni mtu wa Singida. Yamebaki?"

Yalibaki. Tukayanywa kwa zamu kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai, akiwa na paja limelowa na uso wa mtu aliyefika kwao.

Dar es Salaam: masomo ya jioni

Safari na Jaklini walinipokea wakanipeleka kwa Anti Vivi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Anti."

"Jamani! Usinizeeshe. Niambie mambo."

Mwanamke huyu ana umri wa kuwa mama mdogo wangu. Kwetu mtu anayekataa shikamoo ama amekukasirikia ama anataka kukukopa. Nikasema mambo, na ulimi ukaniuma.

"Umechelewa sana, dada."

"Treni amesimama njiani."

Akacheka mpaka akashika kifua. "Treni *amesimama*! Ana miguu? Dada yangu, kule hotelini tunakutana na watu wa maana, usituaibishe. Mtu ni 'a'. Kitu siyo 'a'. Mtu amefika. Gari limefika. Safari imeanza. Sema."

"Mtu amefika. Gari limefika. Safari imeanza."

"Tena."

Safari, niliyemfundisha mimi kusoma kwa mkaa ukutani, alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya kochi. Hakikuwepo kitu chini ya kochi. Nilisema tena, na tena wakati wa chai, na tena nikiwa kitandani, maana mimi nikipewa kazi huifanya. Nililala nikijua kwamba safari ni "i".

Kuvuka

Kuhusu boti sitasema mengi. Kwetu hata kwenye chemchemi mtu hupita kwa adabu, hapigi kelele, kwa kuwa maji yana wenyewe. Hapa watu walikuwa wanakula bisi juu ya maji yasiyo na mwisho. Mimi nilishika kiti na kuimba kimoyomoyo sauti ya pili ya nyimbo zetu zote. Aliyetapika ni Anti Vivi, aliyekuwa ametuambia kwamba kwake bahari ni kama sebuleni. Nilimshikia mfuko. Mama mmoja wa Unguja akatupa ndimu tunuse, na Anti akainusa akisema kwa sauti ndogo, "Boti linayumba."

"Ni *inayumba*, Anti," nikasema. "Boti inayumba." Sina hakika hadi leo nani alikuwa sahihi, lakini hakuwa na nguvu za kubisha.

Ufukweni

Hoteli ilikuwa upande wa mashariki wa kisiwa. Meneja wa sherehe, Bwana Feisal, alitupokea kwa maji ya madafu na maneno yaliyopigwa pasi. Alikuwa amepanga viti vya mfano mchangani, na tao la maua la kusimamia maharusi. Bahari ilikuwa imeondoka. Nasema kweli, ilikuwa mbali kule, na mahali ilipotakiwa kuwa palikuwa na mchanga, na akina mama wameinama kwenye mwani wao.

"Bahari yenu ndogo," nikamwambia.

"Inarudi, dada," akasema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mama, tarehe mnayoitaka, ni vizuri niwaambie mapema: ni bamvua."

Mimi neno hilo sikulijua. Nikamtazama Anti Vivi, mwalimu wangu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la jirani.

"Tena ndiyo tunayoipenda. Tunataka bamvua kamili, siyo nusu nusu."

"Kamili, mama?"

"Kamili. Na iwe ya zambarau, ilingane na sare za kamati."

Watu wa pwani wana adabu moja: humwachia mtu nafasi ya kumaliza. "Bamvua haina rangi, mama," akasema Bwana Feisal.

"Basi nyeupe. Na gharama yake iwe ndani ya ile ya mapambo."

"Haina gharama. Hata leo ni bamvua. Mkikaa kidogo mtaiona yenyewe."

"Tutakaa," akasema Anti, na akakaa, kiti cha mbele, akavua viatu, akaweka mkoba chini. Jaklini akasimama chini ya tao. Safari akatoa simu yake kubwa ampige picha.

Maji yalirudi kama mbuzi wanavyorudi zizini: wa kwanza anachungulia, wa pili, halafu wote. Akina mama wa mwani walishatoka. Bwana Feisal alikuwa amepanda ngazi na kusimama juu, amefunga mikono mbele, kama mtu anayesubiri baraka ya mwisho. Tulipoona miguu imelowa tulicheka. Tulipoona mkoba wa Anti unaelea hatukucheka. Wimbi moja likaliangusha tao, Safari akaruka kumshika Jaklini, akamshika, na simu ikaenda zake. Mimi nilikimbia na sketi mkononi bila aibu hadi kwenye ukuta, na maji yakanifuata hadi kwenye ukuta.

Anti Vivi tulimkuta amepanda juu ya meza, kiatu kimoja mkononi.

"Ndiyo bamvua yenyewe, mama," alisema Bwana Feisal kwa upole sana. "Maji yanapojaa kupita siku zote."

Neno la mwisho

Tulikaa ndani tukikauka. Anti Vivi, ambaye hashindwi, akasema basi tufanye ndani, ukumbini, na bahari tuione dirishani. Akanigeukia. "Mzazi, useme neno twende."

"Bibi atakaa wapi?" nikauliza.

"Bibi ataangalia laivu. Tutamwekea kwenye simu."

"Mkono ataupitisha wapi?"

"Mkono gani tena?"

Nikamwangalia Safari. Alijua mkono gani. Alikuwa anakausha soksi zake kwa kuzikunja na kuzikunjua. "Hapana," nikasema. "Hapa si mahali."

"Dada, uliamua tangu nyumbani," akasema Safari.

"Niliamua tangu ukiwa na surua."

Hakuniongelesha tena siku hiyo. Anti Vivi akasema mambo kuhusu watu wa bara ambayo siyaandiki, maana mnanisoma mkiwa na watoto wenu. Jaklini peke yake alinifuata nje. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwa mama mmoja nikila urojo, ambao ni mchuzi wa njano wenye bajia, viazi, na kila kitu kilichopita karibu na sufuria. Unaonekana kama ajali, na ni mtamu.

"Wifi," akasema, "mimi sikujua Bibi anasubiri nini. Safari hakuniambia. Twende wote kwake. Akisema nisiolewe kisiwani, nitamsikia akisema yeye."

Nikakubali. Sasa ilibidi niwape habari nyumbani kwamba mambo ya kuvuka bahari yamekwisha. Huko Mjomba Boay alikuwa amebaki na Bibi kuangalia ng'ombe. Simu yangu ilikuwa imebakiwa na kijiti kimoja cha chaji, tena kinapepesa. Nikaandika upesi, lakini kwa Kiswahili safi, maana nilikuwa nimefundishwa. Mtu ni "a". Kitu siyo "a". Nikaandika:

"Safari imekufa. Bahari imemeza kila kitu. Tunarudi Jumamosi. Msiandae chochote."

Nilijisifu kidogo. Meseji ikaenda, na simu ikazima. Namba za nyumbani zilikuwa ndani ya simu hiyo na ndani ya ile iliyobaki baharini, na pini yangu nyembamba haikupata chaja Unguja wala Dar.

Kurudi

Anti Vivi tulimwacha Dar es Salaam. Safari alikaa dirishani, mimi nikakaa upande wa njia, Jaklini katikati akigawa karanga kwa haki. Alinunua karafuu za kumpelekea Bibi, na Safari akaubeba mfuko huo hadi Mbulu, hadi Tlawi, kama mtoto anayebeba kosa la mtu mwingine.

Tulishuka njia panda ya kwetu. Pikipiki zilikuwa zinapishana kuelekea nyumbani kwetu, na akina mama wanatembea wamejifunga kanga kichwani. Kisha tukaona turubai uani. Nikajua: Bibi.

Safari akamwahi jirani yetu mmoja aliyebeba kuni kichwani. "Shikamoo, mama. Nani amefariki?"

Yule mama akainua macho. Kuni zilianguka zote. Hakupiga kelele, alirudi nyuma hatua kwa hatua, akisema kwa Kiiraqw, "Wewe. Ni wewe. Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Umekufa."

Tukaingia uani. Kwaya, yaani ninyi, mlikuwa kwenye ubeti wa pili, na nawasifu, sauti ya tatu haikuharibu hadi mlipomwona marehemu anaingia na mfuko wa karafuu. Hapo kila mmoja wenu alichagua mlango wake. Mchungaji alibaki, lakini aliishika Biblia kwa mikono miwili.

Bibi hakukimbia. Alinyoosha fimbo yake, akagusa kiatu cha Safari, akagusa cha pili. "Vikavu," akasema. Kisha akamvuta chini, akamwekea mkono kichwani, akaukaza kama anayepima tikiti. Safari akaanza kulia pale pale, mtu mzima wa mjini. Mimi nikawaza: basi, mkono umeshawekwa, neno langu limekwisha kazi. Lakini Bibi akauondoa.

"Huu siyo wa harusi," akasema. "Huu ni wa kuona kama upo. Wa harusi ninao bado."

Nikamtafsiria Jaklini. Akapiga magoti, akauliza, "Bibi, huo wa harusi utauwekea wapi?"

"Mkono wangu uko hapa," akasema Bibi. "Kichwa kije."

Jaklini alizungusha macho ua mzima: walioacha kupalilia, waliotoka Endasak kwa miguu na pikipiki, waliolia hadi sauti zikakauka kwa ajili ya mtu ambaye kamati ilikuwa haijawatengea viti. "Anti alisema upande wenu mna wageni wachache," akaniambia. Halafu akaomba simu ya Mjomba akampigie shangazi yake.

Mjomba alinipa mimi kwanza nione ujumbe. Suti alikuwa ameivaa.

"Mjomba, nimeandika 'imekufa'."

"Ndiyo. Imekufa. Mtu akifa si imekufa?"

"Mtu ni *amekufa*."

"Yustina, mtu akifa ndiyo unaanza kuchagua herufi?"

"Na hapa nimesema msiandae chochote."

"Nikajua hakuna mwili. Tusichimbe. Na hatujachimba, nimekutii."

Kilichobaki

Mchungaji alisema hawezi kuwaondoa watu bila neno, akahubiri juu ya mwana mpotevu, na mwisho wa ibada akatangaza ndoa ya Safari na Jaklini. Msiba ukala pilau ya msiba kwa furaha ya harusi. Harusi yenyewe mlikuwepo: kanisani kwetu, mvua, matope. Anti Vivi alikuja na viatu virefu akavitoa kwenye udongo wetu kimoja kimoja kama mihogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kubisha. Nikamwomba radhi kwamba bamvua ya zambarau hatukuipata. Bibi aliweka mkono wake. Ulikaa muda mrefu, na hakuna aliyekohoa.

Limebaki jambo la Mzee Gidamis. Aliposikia Safari amekufa, alimpakia dume wake bora kwenye lori, mjukuu wa ng'ombe wa mama yetu, akamleta achinjwe msibani. Tulipomla yule dume marehemu alikuwepo, akaongezewa mara mbili. Baada ya harusi mimi na Safari tulimpelekea dume mwingine hadi Gendabi. Mzee akamzunguka, akampapasa nundu, akatikisa kichwa.

"Huyu ni mzuri. Rudini naye."

"Baba, tunalipa wa kwako."

"Wangu ilikuwa ya msiba. Ng'ombe wa msiba anarudi kwa msiba. Mimi imekufa?"

"Hapana, baba."

"Basi ngojeni."

Dume tumerudi naye, yuko zizini, ananenepa bila kazi. Mzee naye ananenepa. Nikikutana naye mnada wa Katesh, kabla sijamaliza shikamoo hunionyesha meno yake yote, ambayo ni mengi kuliko yangu, na kunipigia kelele mbele ya watu: "Yustina! Bado!"